Neno la Mhariri: Amani kwa Aliyekataliwa

Karibu kila Jumapili katibu wa usharika husimama na kusoma matangazo ya ndoa. Fulani wa jumuiya fulani anatarajia kufunga ndoa na fulani. Hili ni tangazo la kwanza, mwenye pingamizi amwone mchungaji. Vigelegele vinapigwa. Mara nyingine kwenye viti vya kwaya yupo mtu ambaye hasikii vigelegele hivyo. Hana pingamizi la kupeleka ofisini, maana hakuwahi kuahidiwa kitu. Alipenda, akasema, akajibiwa kwa upole kwamba haitawezekana. Wiki ijayo atasikia tangazo la pili, inayofuata la tatu, na katikati ya wiki atatumiwa kadi ya mchango kwenye simu, yenye picha ya wawili hao na namba ya mweka hazina wa kamati. Siku ya harusi atatakiwa kuimba.

Toleo hili limeandaliwa kwa ajili yake.

Kanisa linajua la kufanya na mjane. Linajua namna ya kukaa na waliofiwa, na lina semina za wachumba na za wanandoa. Aliyependa asipendwe hana semina wala siku ya maombi, kwa sababu huzuni yake haina cheti: hakuna uchumba uliovunjika, hakuna mahari iliyorudishwa, hakuna msiba wa kuhani. Akithubutu kusema huambiwa kwamba Mungu amemwandalia aliye bora zaidi, jambo ambalo msemaji hana namna ya kulijua. Au huambiwa aombe zaidi.

Kwenye hilo "omba zaidi" ndipo jarida hili linasimama na kupinga. Kuomba faraja, nguvu na hekima ni haki ya kila muumini. Lakini yapo maombi mengine ambayo yamezoeleka mno: mkesha wa kumfunga fulani asimwone mwingine, mafuta ya kupaka kwenye picha yake, mfungo wa kuugeuza moyo wake. Mtaani jambo hilo lina jina, linaitwa limbwata, na halibadiliki kwa kuwekwa jina la Yesu juu yake. Ndugu wa jambo hilo ni yule kijana anayemfuata binti baada ya ibada na kumwambia, "Dada, Bwana amenionesha kwamba wewe ni mke wangu." Binti mwenye miaka 20, aliyefundishwa tangu Sunday school kutii sauti ya Mungu, anawekwa mahali ambapo kumkataa mwanamume kunafanana na kumkataa Mungu. Huo ni ukatili, hata kama anayeufanya analia kwa dhati usiku kucha.

Mafundisho ya Kanisa yenyewe hayaruhusu jambo hilo. Katika liturujia za ndoa za Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri, wote wawili huulizwa, kila mmoja kwa kinywa chake. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inasema ndoa hufanywa na ridhaa ya wahusika, na kwamba hakuna mamlaka ya binadamu inayoweza kuijaza ridhaa hiyo pale isipokuwepo. Askofu hawezi. Wazazi hawawezi. Basi mkesha wa vijana utaipata wapi?

Hata watumishi wakubwa wamejikwaa hapa. Mwaka 1736 John Wesley, ambaye Wamethodisti wote wanamtazama kama baba, alikuwa mchungaji Savannah, koloni la Georgia huko Marekani. Alimpenda Sophia Hopkey, msichana wa miaka 18, lakini akasitasita. Machi 1737 alipiga kura kutafuta mapenzi ya Mungu, na karatasi iliyotoka ikamwambia asiwaze tena juu ya jambo hilo. Kabla ya wiki mbili kupita Sophia alikuwa ameolewa na William Williamson. Agosti mwaka huohuo Wesley alimnyima Ushirika Mtakatifu mbele ya watu. Alikuwa na hoja zake za kikanuni, lakini mji mzima uliona mwanamume aliyeumia akiitumia meza ya Bwana. Mume akamshtaki akidai pauni 1,000, baraza la mashtaka likaorodhesha makosa kumi, na Desemba Wesley akaondoka Georgia usiku. Miezi michache baadaye, Mei 1738, ndipo alipopata London ile hakika ya moyo iliyomfanya Wesley tunayemjua. Katika Savannah alikuwa na imani, alikuwa na nidhamu ya maombi kuliko wengi wetu, na hakuwa na amani.

Mhariri anaamini mfano bora uko kwa mtu mwingine wa Kanisa la Uingereza, kanisa la Wesley mwenyewe, ambaye Waswahili wachache wamesimuliwa habari zake.

Henry Martyn alizaliwa Truro, Cornwall, mwaka 1781. Mwaka 1801 aliongoza wenzake wote katika mtihani wa hisabati wa Cambridge. Akaacha njia iliyokuwa wazi mbele yake, akawa msaidizi wa mchungaji Charles Simeon, kisha akakubali kwenda India kama kasisi wa Kampuni ya India Mashariki. Kizuizi kilikuwa kimoja: Lydia Grenfell wa Marazion, mwanamke aliyemzidi Martyn miaka kama sita. Lydia alikuwa amewahi kuposwa na mwanasheria mmoja ambaye baadaye alimwacha, naye alijiona bado amefungwa na ahadi ile maadamu mtu yule hajaoa. Msafara wa meli ulipokwama Falmouth mwaka 1805, Martyn alipata nafasi asiyoitarajia ya kumwona tena. Alikuwa Marazion asubuhi moja ya Agosti habari zilipomfikia kwamba meli zinang'oa nanga. Aliondoka mbio, akaiwahi yake kwa shida.

Julai 1806, akiwa karibu na Kalkuta, alimwandikia Lydia kumwomba aje waoane. Fikiria posta ya siku zile. Barua ilizunguka Afrika yote kwa matanga hadi Uingereza, na jibu likarudi kwa njia ileile. Lilimfikia Oktoba 1807 huko Dinapore: mama yake Lydia hakukubali, naye asingekuja. Mwaka na miezi mitatu mtu huyu alikuwa ameishi na tumaini ambalo upande wa pili lilikuwa limeshazimwa tangu miezi saba nyuma. Shajara yake haifichi kitu. Siku ile aliiita ya huzuni, na kurasa zinazofuata zina maumivu, kujilaumu, sala, na maumivu tena.

Wahubiri wakisimulia habari kama hizi hupenda kuruka haraka hadi kwenye ushindi, nao upo: mapema mwaka 1808 rasimu ya tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kihindustani ilikuwa tayari. Lakini Martyn hakuizika huzuni chini ya kazi. Aliendelea kuiandika, kuiombea na kuwaambia rafiki zake. Huko Cawnpore, tangu 1809, alianza kuwahubiria ombaomba waliokusanyika uani kwake kila Jumapili, mamia ya watu wenye majeraha na njaa. Mmoja wa waliomsikiliza pale, Sheikh Salih, alibatizwa mwaka 1811 kwa jina la Abdul Masih, na baadaye akawa miongoni mwa Wahindi wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa la Anglikana. Mwaka 1810 alikuwa na barua ya Lydia aliyejitolea kuandikiana naye kama dada, kwa kuwa Martyn alikuwa amefiwa na dada yake. Alikubali. Hakumdai zaidi ya hapo.

Aprili 1811, akielekea Uajemi, meli yake ilitia nanga Maskati, mji wa Sayyid Said bin Sultan aliyekuja baadaye kuhamishia makao yake Unguja. Huko alikutana na askari mmoja wa Kiarabu pamoja na kijana Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, na kijana ndiye aliyekuwa na maswali mengi. Walipokuja melini kuaga, Martyn aliwapa Injili ya Kiarabu. Kijana akaanza kuisoma palepale, akashuka nayo pwani kama mtu aliyepata hazina. Hatujui jina la kijana yule, wala alitekwa kutoka sehemu ipi ya Afrika. Tunachojua ni kwamba mtu aliyekataliwa alikuwa na macho ya kumwona, na alimwandika. Wesley wa Savannah, mwaka ule wa kura na kesi, alikuwa akiona uso mmoja tu.

Martyn alimaliza Agano Jipya la Kiajemi huko Shiraz Februari 1812, akisaidiwa na Mirza Sayyid Ali Khan. Agosti, akiwa Tabriz, dhaifu kwa homa, alimwandikia Lydia barua ya mwisho. Alifariki Tokat, Uturuki ya leo, tarehe 16 Oktoba 1812, na umri wake ulikuwa miaka 31. Lydia hakuolewa hadi alipofariki mwaka 1829. Dondoo za shajara yake, zilizochapishwa mwaka 1890, zinaonesha mwanamke aliyemwombea Martyn miaka yote na kupigana vita vyake mwenyewe. Anayekataa naye ana moyo. Kijana anayemwita binti "katili" kwa sababu amesema hapana angefaidika kusoma kurasa za Lydia.

Jambo linaloonekana wazi hapa ni kwamba Martyn hakuacha kumpenda. Aliacha kumtaka Mungu amlazimishe. Huko ndiko amani ilikoanzia, na haikumwondolea uchungu wote.

Kwa Mkristo, sababu ya kuweza hivyo iko katika Injili yenyewe. Marko 10 inasimulia tajiri aliyemjia Yesu akikimbia, akapiga magoti. Mwinjili anasema Yesu alimtazama akampenda. Mstari unaofuata yule mtu anaondoka na huzuni yake. Yesu hakumfuata, hakumfunga miguu kwa muujiza, na hakumsema vibaya. Anayepiga magoti leo kwa sababu amekataliwa anamwendea Mtu ambaye naye alipenda akaachwa amesimama.

Halafu yuko Lea. Mwanzo 29 inamweka ndani ya ndoa na mume ambaye moyo wake uko kwa Raheli, mdogo wake. Anamzaa Reubeni, Simeoni na Lawi, na kila mara maneno yake yanamhusu Yakobo: sasa atanipenda, sasa tutaungana. Kwa Yuda anamtaja Bwana peke yake, na anasifu. Mahubiri mengi huishia hapo. Biblia haiishii hapo. Katika sura ya 30 Lea ananunua usiku mmoja na mumewe kwa tunguja alizoziokota mwanawe kondeni, na alipomzaa Zabuloni, mwana wa sita, anatumaini tena kwamba sasa mume atakaa naye. Mama wa kabila la Daudi alirudi nyuma, akaumia upya kwa jambo lilelile, na hakuna mahali Mungu anamkemea kwa hilo. Anayejilaumu kwa sababu alishashuhudia madhabahuni kwamba amepona, kisha akaliona jina fulani kwenye simu na usiku mzima ukaharibika, asome sura hizo mbili hadi mwisho.

Wachungaji, makatekista na walezi wa vijana watakaolipokea toleo hili wanaombwa mambo machache. Mtu wa namna hii akija ofisini, msimwulize kwanza kama ameomba. Mwulizeni kama anakula na kama analala. Akisema hataki kuishi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mmoja wenu aende naye. Msomeeni Zaburi 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja na bado imo ndani ya Maandiko. Akiwa anamfuatafuata mtu, anampigia simu usiku au anamtumia ndoto na unabii, mwambieni aache, na mwende mkamhakikishie yule anayefuatwa kwamba Kanisa liko upande wa jibu lake. Mpeni kazi yenye watu ndani yake: kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto, kupika siku ya wazee. Na mkae naye muda mrefu kuliko mlivyopanga, kwa maana Martyn alihitaji miaka mitano tangu jibu la Lydia lilipomfikia hadi kifo chake, na hata kwake hatuwezi kusema jambo lilikuwa limekwisha.