Simu ya Mdogo Mdogo na Bonasi ya Oktoba

Pita Kimathi Way hapa Nyeri uangalie mabango ya maduka ya simu. Bei ya simu yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo, kama imeandikwa kabisa. Kinachokuvuta macho ni bei ya siku: shilingi hizi kidogo tu, beba simu uende nayo nyumbani. Ukishuka Karatina ni hivyo, Kerugoya ni hivyo, Embu na Nanyuki pia.

Hiyo bei ya siku ina wenyewe. Ni makubaliano kati ya anayetengeneza simu, mwenye mtandao na mkopeshaji, na wewe unaletewa karatasi ikiwa tayari imeandikwa. Kabla uweke kidole, jua kila mmoja anatafuta nini.

Mwaka wa 2011, Safaricom na Huawei walituletea IDEOS, simu ya Android iliyouzwa takriban Sh8,000. Pengine unakumbuka kakako mkubwa akiringa nayo. Mtu alilipa, akaenda, mambo yakaisha. Julai 2020, katikati ya korona, Safaricom na Google wakaja na Lipa Mdogo Mdogo: Sh1,000 ya kuanzia, halafu Sh20 kwa siku kwa miezi tisa. Piga hesabu, ni karibu Sh6,400. Lengo lao lilikuwa kuhamisha wateja milioni moja kutoka 2G na 3G hadi 4G.

Mbona wahangaike hivyo na mtu wa Sh20? Kwa sababu mwenye kabambe ananunua kredo ya kupiga simu, basi. Mpe simu janja, ataanza kununua bando kila siku, na ataendelea kununua hata baada ya kumaliza deni. Simu ni mlango tu. Biashara iko ndani.

Oktoba 30, 2023, Rais William Ruto alifungua kiwanda cha East Africa Device Assembly Kenya kule Athi River. Wenyewe ni Safaricom, Jamii Telecom na kampuni ya Uchina, TeleOne. Kwa hivyo sasa mwenye mtandao ni mwenye kiwanda pia. Simu mbili za kwanza zilikuwa Neon Smarta ya Sh7,499 na Neon Ultra ya Sh8,999. Serikali ilikuwa imetuimbia simu ya karibu Sh5,000. Lakini vipuri vinatoka nje, Athi River wanaunganisha tu. (Na ndiyo, hapa kwetu ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kuna Semiconductor Technologies Limited wanaotengeneza chipu. Tujivunie, lakini chipu ya simu ni safari nyingine ndefu.)

Sasa tuje kwa hesabu ambayo bango halikufanyii. Tuseme simu ni Sh15,000 ukilipa taslimu. Unaambiwa utoe Sh3,000, halafu Sh60 kila siku mwaka mzima. Sh60 mara 365 ni Sh21,900. Ongeza zile za kwanza, umefika Sh24,900. Umelipa Sh9,900 juu. Hiyo tofauti pekee ingenunua Neon Smarta kwa ile bei ya kwanza, na ubaki na chenji ya Sh2,401.

Wengine watasema hakuna mtu ana Sh15,000 mfukoni. Ni kweli, na sitakudanganya kwamba mkopo ni shetani. Bila huu mpango vijana wengi wangekuwa bado kwa kabambe. Shida yangu ni kufuli.

Simu hizi huja na programu ya kufunga ambayo fundi wa mtaani haondoi kwa kurudisha simu ilivyotoka kiwandani. Google wanayo yao, Samsung wanayo inayoitwa Knox Guard. Ukichelewa kulipa, kioo kinakwambia ulipe. Unabaki na simu za dharura na mambo machache. Laini unaweza kuitoa uweke kwa kabambe, M-PESA ikaendelea. Lakini WhatsApp yenye wateja wako, picha za kazi zako, kazi ya mtandaoni uliyopaswa kuwasilisha usiku huo, hizo zote zimebaki ndani. Yaani unafungiwa kile chombo ambacho ungetumia kutafuta hiyo Sh60.

Na hapa ndipo watu wa Mlima tunaumia kwa njia yetu. Malipo ya kila siku yanamfaa mtu wa boda au mama wa mboga, maana jioni kuna kitu mfukoni. Lakini pesa nyingi za huku haziji hivyo. Familia ya majani chai Othaya au Mathira inalipwa kwa kilo kila mwezi, halafu bonasi ya KTDA inafika karibu Oktoba. Kahawa ndiyo mbaya zaidi: unavuna mwisho wa mwaka, unasubiri miezi mingi ndipo ulipwe. Kijana anayetegemea shamba la nyumbani, au duka linalotegemea wakulima, anakaa mkavu Julai na Agosti kisha Oktoba kunanona. Simu haijui Oktoba inakuja. Inajua jana hukulipa.

Usiniambie haiwezekani kupanga vingine. Mbolea ya KTDA mkulima huchukua kwanza, akakatwa baadaye kwenye pesa ya majani. Wazee wetu wamekopeshwa kwa kufuata msimu miaka nenda miaka rudi. Na hawa wenye mitandao wanaona pesa zikiingia na kutoka kwa laini zetu kila siku. Wanajua vizuri ni mwezi gani Nyeri ina pesa. Wakitaka, mpango wa kulipa kwa mwezi au kwa msimu wanaweza kuutoa bila kujenga kiwanda kingine.

Kitu kingine, haraka haraka: mtu akikuuzia simu mpya stejini kwa bei ya kutupa, hiyo inaweza kuwa bado na deni la mtu. Utainunua leo, ijifunge mkononi mwako wiki ijayo.

Kama tayari uko njiani kwenda dukani, uliza jumla ya pesa yote hadi siku ya mwisho, iandikwe kwa karatasi. Uliza ukikosa siku moja inafungwa saa ngapi, na ukilipa inafunguka baada ya muda gani. Halafu uliza ukileta pesa yote iliyobaki kwa mpigo Oktoba, unapunguziwa ngapi. Muuzaji akianza kukuzungusha, duka linalofuata haliko mbali.