Bunduki Si Sweta ya Shule

Kila mzazi wa Kenya anajua hesabu ya sweta ya shule. Mtoto wa darasa la kwanza ananunuliwa ya darasa la tatu, mikono inakunjwa, atakua tu. Dukani hesabu hiyo ina maana. Lakini mtu wa miaka 25 ambaye amemaliza mafunzo ya ulinzi wa wanyamapori pale Manyani, akapewa bunduki yenye kitako kirefu kuliko mkono wake, yeye atakua lini?

Jibu tulilozoea ni moja: ajipange. Mrefu aongeze raba ya tyubu kwenye kitako. Mfupi amtafute fundi wa mbao mtaani akipunguze, kisha apige msasa. Halafu tunapiga makofi, eti huo ni ubunifu, eti Wakenya hatushindwi. Mimi siuoni ubunifu hapo. Naona deni la mwajiri ambalo limesukumiwa mfanyakazi.

Tuanze na mwili. Kitako ndicho kinachokaa begani, na shavu linalala juu yake ili jicho lifuate mtutu. Kikiwa kirefu mno, mkono unajinyoosha kuitafuta triga, mwili unalalia nyuma, na kitako kinateleza kutoka kwenye nyama ya bega hadi kwenye mkono. Risasi ikitoka, mfupa ndio unaopokea kishindo. Kikiwa kifupi mno, uso unasogea mbele na pua inakutana na kidole gumba. Mtu akiumizwa hivyo mara kadhaa, anaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Unaweza kumrudisha kwenye uwanja wa shabaha mwaka mzima. Tatizo litabaki palepale, kwa sababu haliko kwake.

Chukua G3, bunduki ya Kijerumani ambayo kwa miongo mingi imebebwa na polisi, askari wa akiba na walinzi wa wanyamapori nchini. Ina urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa zaidi ya kilo 4, bila hata risasi. Kitako chake cha kawaida ni cha plastiki, hakirefuki wala hakifupiki, na ndani yake kuna chuma cha kupokea kishindo. Fundi wa makochi atalijua hilo msumeno wake ukishagonga chuma.

Na hapa Taita Taveta risasi haipotei porini ikaisha hivyo hivyo. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja ni kama kilomita za mraba 21,000, lakini kando yake kuna watu. Ndovu wanaingia mashambani Sagalla usiku, mama yuko jikoni, watoto wamelala. Anayefyatua akiwa na bunduki isiyomtosha, risasi inakwenda inakotaka. Hiyo si shida ya ranger peke yake.

Kuna hoja moja naiheshimu. Watu watasema: lakini hapa kwetu mtu kujitengenezea silaha nyumbani si jambo geni. Kweli kabisa. Waata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, waliwinda ndovu katika nyika hii kwa upinde mmoja mzito ajabu, unaolinganishwa na pinde ndefu za Waingereza wa kale, na mishale yenye sumu. Mwindaji alikuwa na upinde wake na mishale yenye alama yake. Kazi ya kuuoanisha na mkono wake ilikuwa yake kwa sababu upinde ulikuwa wake. Kisha mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ikaendesha msako mkubwa Tsavo, na wengi wao wakaishia jela. Tangu hapo silaha halali katika mbuga ile ni ya serikali.

Sasa si tufuate hesabu hiyo mpaka mwisho? Kama bunduki ni ya serikali, namba yake ni ya serikali, na inarudi ghalani kwa sahihi, basi kuipima ni kazi ya serikali. Huwezi kuchukua umiliki ukaacha wajibu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka anayefanya biashara ya kutengeneza au kukarabati bunduki awe amesajiliwa. Kwa hiyo ukimwambia ranger ajipange, unamwambia achague kati ya bega lake na kesi mahakamani. Bana, hiyo ni mtego.

Tena wakubwa hawawezi kusema hawakujua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipigwa hapa hapa: Wajerumani waliitwaa Taveta Agosti 1914, na Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini wakachapwa vibaya katika kilima cha Salaita. Bunduki ya jeshi la Waingereza wakati huo, Lee-Enfield, ilikuwa na vitako vya mbao vya urefu tofauti: kifupi, cha kawaida, kirefu. Herufi iligongwa kwenye kitako chenyewe, S au L, kama lebo ya shati. Wamarekani nao walipoichukua M4 miaka ya 1990, wakazoea kitako kinachosogezwa mbele na nyuma. Miaka zaidi ya 100 tangu Salaita, bado tunajadili kama mikono ya watu inatofautiana?

Msiniambie habari ya pesa. Sisemi tununue bunduki mpya. Kumpima mtu kunahitaji utepe wa fundi cherehani na dakika 5. Vitako vya urefu wa aina mbili tatu si anasa. Fundi wa silaha aliyeidhinishwa, akae Voi, ahudumie mbuga zote mbili pamoja na askari wa akiba wa vijijini, si ndoto. Na wanawake wanaohitimu Manyani wapimwe kama wengine, si kuambiwa wakaze mwili.

Kiatu cha ranger kina namba. Kofia yake ina namba. Kabla bunduki haijatolewa ghalani, mtu aulizwe na yake ni namba gani.