Pensheni: vijana wanalipa deni la nani?

WALIMU tulipopokea mishahara ya Januari 2025, mazungumzo ofisini yalikuwa ya jambo moja tu: makato ya pensheni. Mchango uliokuwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mfanyakazi na nusu kutoka kwa mwajiri, ulipanda hadi asilimia 12. Ratiba iliyotangazwa mwaka 2024 inaonyesha kuwa kuanzia 2027 utaongezeka kwa asilimia 2 kila mwaka, hadi ufike asilimia 20 mwaka 2030.

Mwalimu mmoja kijana, aliyeajiriwa juzi tu, alinigeukia akasema: "Mwalimu, wewe umekatwa tatu kwa miaka zaidi ya ishirini. Mimi nitakatwa kumi mpaka nizeeke. Haki iko wapi?"

Sikumjibu siku ile. Nilitaka kwanza kupiga hesabu, na leo naomba tuipige pamoja.

Sheria ya pensheni ya Rwanda ya mwaka 2015 inasema aliyechangia miaka 15 atalipwa kila mwezi asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka mitano ya mwisho. Kila mwaka unaozidi hapo unamwongezea asilimia 2. Kwa hiyo aliyechangia miaka 30 anapata asilimia 60.

Tumchukue huyo wa miaka 30. Tuseme mshahara wake haukubadilika, na tuweke kando faida ya uwekezaji. Kwa mchango wa asilimia 6, yeye na mwajiri wake wameweka fedha sawa na mshahara wa miezi 22 hivi. Akianza kulipwa asilimia 60, fedha hiyo inakwisha katika miaka mitatu. Kwa asilimia 12, inafika miaka sita. Kwa asilimia 20, miaka kumi.

Ni kweli kwamba uwekezaji huongeza fedha za mfuko. Lakini mishahara nayo hupanda, na pensheni hukokotolewa kwa mishahara ya mwisho, wakati michango mingi ililipwa mishahara ikiwa midogo. Anayestaafu akiwa na miaka 60 anaweza kuishi mingine 15 au 20. Pengo lazima lijazwe, na anayelijaza ni mfanyakazi wa leo.

Ikumbukwe kuwa asilimia 6 hiyo haikuguswa tangu mwaka 1962. Katika sensa ya 2002, umri wa kuishi wa Mnyarwanda ulikuwa miaka 51. Katika sensa ya 2022 umefika karibu 70. Hiyo ni neema, lakini neema hiyo ina gharama yake. Majirani walianza kulipa mapema zaidi: Uganda mchango wa mfuko wao ni asilimia 15, Tanzania ni asilimia 20.

Kwa hiyo kijana wangu hajaibiwa kwa kukatwa zaidi. Ukweli mchungu ni kwamba sisi tuliomtangulia tulilipa chini ya bei, na hakuna aliyetuambia. Kama kiwango kingepandishwa kidogo kidogo tangu zamani, kila kizazi kingebeba fungu lake. Dhuluma iko katika kuchelewa. Na kuchelewa zaidi kungewatwisha mzigo mkubwa kuliko huu watoto ninaowafundisha sasa.

Hata hivyo, kusema nyongeza ni ya haki hakumalizi mjadala. Yapo mambo mawili ambayo kijana ana haki ya kuyadai.

La kwanza ni thamani ya kile atakacholipwa. Mwaka 2025 pensheni ya chini ilipandishwa kutoka faranga 13,000 kwa mwezi hadi 33,710. Wazee walifurahi, na walistahili. Lakini tujiulize walivyoishi kwa 13,000 huku bei ya maharage na mafuta ikipanda kila msimu. Anayeombwa kulipa mara tatu ya tulicholipa sisi anastahili ahadi iliyoandikwa: pensheni ipitiwe kila baada ya muda maalumu kulingana na bei za sokoni, na hesabu za mfuko zitangazwe kwa lugha ambayo mwalimu na dereva wanaielewa.

La pili linatugusa sisi tuliorudi. Baba yangu alifanya kazi miaka zaidi ya thelathini uhamishoni Karagwe, akilima mashamba ya kahawa ya watu na kujenga nyumba za watu. Hakuna aliyemkatia mchango. Aliporudi hakuwa na mwaka hata mmoja katika mfuko wowote. Pensheni yake ni mimi. Kila mwezi nachangia wastaafu wenye vitabu, kisha namtumia mzee wangu asiye na kitabu. Vijana wengi wa familia zilizorudi wanalipa mara mbili kama mimi, na karatasi ya mshahara inaonyesha malipo ya kwanza tu.

Mzigo huo wa pili hauondolewi kwa kulalamika. Unapungua pale wasio na ajira rasmi wanapojiwekea wenyewe mapema. Mama anayevusha mchele na vitunguu pale Rusumo hana mwajiri wa kumchangia nusu. Mpango wa Ejo Heza, ulioanza 2018, unampa akaunti yake ya akiba ya uzeeni, na serikali iliwaongezea fedha wenye kipato kidogo katika miaka ya mwanzo. Kila faranga anayoweka leo ni faranga ambayo mwanawe hatakatwa kimyakimya kesho.

Kwa wanaofanya kazi pande zote mbili za mpaka, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha mafao ya hifadhi ya jamii yatungiwe kanuni na Baraza la Mawaziri. Wengine wataona hilo ni jambo la makaratasi. Lakini kanuni hizo ndizo zinazoweza kuamua kama miaka mitano ya Mwanza na kumi ya Kigali ni kumi na mitano inayompa mtu pensheni, au ni vipande viwili visivyotosha popote.

Nilimrudia yule kijana nikamwonyesha hesabu yangu daftarini. Aliisoma mara mbili, kisha akauliza: "Kwa hiyo nikiwa na umri wako, hawa wanafunzi wetu hawatakatwa thelathini?"

Nilimwambia hilo linategemea kama sisi wa leo tutakubali kulipa bei kamili. Nami nimo: nimebakiza miaka kama kumi na mitano ya kukatwa, na sitaki kuipitisha nikimwachia mtu deni.