Mashauri ya Nyumbani: Rangi Iliyomwagika Motokaani



Mwezi uliopita tulitoka Shinyanga kwenda Geita kwa njia ya Kahama, tukichukua makopo mawili ya rangi kwa ajili ya darasa la watoto. Motokaa haikuwa yetu. Mzee mmoja wa kanisa alituazima. Karibu na Tinde tulipiga tuta, kopo moja likapinduka, na rangi nyeupe ikaenea juu ya kiti na zulia. Mmoja wetu akanena, "Tutandike mkeka juu yake, mwenyewe hataona upesi." Twakiri kwamba shauri lile lilitupendeza kwa kitambo.

Rangi yetu ilikuwa ya maji, na dawa yake ni kufanya haraka, maana jua la Usukuma huikausha mara. Tulisimama kivulini, tukaizoa kwa kipande cha boksi, tukianza ukingoni na kuelekea katikati ili isizidi kuenea. Kisha tukaigandamiza kwa matambara makavu pasipo kusugua, kwa kuwa asuguaye huishindilia rangi ndani ya nyuzi. Ndipo tukatia maji yenye sabuni kidogo, tukagandamiza tena, tukarudia hata tambara likatoka safi. Kama maji ni haba, funikeni doa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka mfike penye maji. Likiisha kukauka, kazi ni kubwa.

Rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Huzolewa vivyo hivyo, kisha huondolewa kwa tina kidogo iliyotiwa katika kitambaa, wala isimiminwe juu ya kiti. Ijaribuni kwanza mahali pasipoonekana, maana tina huyeyusha plastiki. Msiutie mkanda wa kiti, usije ukadhoofika. Mkanda huoshwa kwa maji na sabuni tu. Milango yote iwe wazi, injini izimwe, watoto wakae mbali, na sigara isiwepo.

Huko penye machimbo ya dhahabu, petroli huuzwa katika chupa kando ya njia, na hakosi mtu wa kuwashauri muitumie. Msikubali kamwe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama sakafuni mwa motokaa, na cheche moja yatosha. Tena matambara yaliyolowa rangi ya mafuta msiyarundike, maana yaweza kupata joto yenyewe na kuwaka. Yatandazeni nje yakauke.

Lakini doa gumu kuliko yote ni lile lililofichwa. Mwamkumbuka yule mwana wa manabii ambaye chuma cha shoka lake kilianguka mtoni Yordani. Hakunyamaza, alilia mara moja kwamba ni cha kuazima, na Elisha alipouliza kimeanguka wapi, alimwonyesha mahali. Basi nasi tuliporudi tulimwita mzee, tukafungua mlango, tukamwonyesha mahali. Alama hafifu ilikuwa imesalia. Aliitazama kitambo, akasema, "Wanangu, mngenyamaza nisingaliiona." Gharama ya fundi tuliilipa sisi, na safari ya pili alituazima tena.

Siku hizi kopo letu husafiri ndani ya ndoo, kifuniko kimegongwa, kamba imefungwa. Nanyi wazazi na walimu, mharibupo kitu cha mwenzenu, kumbukeni kwamba watoto wanatazama kama mtautafuta mkeka au mtamwita mwenyewe.