Neno la Mwezi: Masika

Wafini wana jina la kike, Meri. Kwa lugha yao meri ni bahari. Mswahili akilisikia atadhani ni Mary tu, na wala hatakuwa mbali, maana hata huko Ufini jina hilo huhusishwa pia na Mary.

Sisi tunalo la namna hiyo: Masika. Vitabu vya majina ya watoto vinavyouzwa hapa Marekani hueleza kwamba ni jina la Kiswahili la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Kwa neno lenyewe hawajakosea. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na kumwita mtoto kwa majira si jambo geni. Wabukusu wa Kenya wana Wafula na Nafula, watoto wa mvua.

Lakini pita Gulfton, kwenye majumba ya kupanga karibu na Hillcroft, usikie Kiswahili cha Kongo. Masika utakayemkuta huko huenda ni Mnande wa Beni au Butembo. Kwao Masika ni jina la mfuatano wa kuzaliwa, kama Kavira kwa wasichana, au Kambale na Kasereka kwa wavulana. Wakonzo wa Kasese, Uganda, ndugu zao wa lugha, wanalo pia. Hata akizaliwa kiangazi kikavu, ni Masika. Jina linataja nafasi yake kati ya ndugu zake, mvua haimo.

Nasema haya kwa sababu baadhi yetu hujitolea kukalimani. Chukua dada wawili, baba mmoja mama mmoja: huyu Masika, yule Kavira. Fomu za hapa zinataka jina la ukoo, na karani akiona majina mawili tofauti huanza kuuliza kama kweli hawa ni ndugu. Mkalimani aliyetegemea kitabu atamsimulia habari za mvua, na karani atabaki na shaka yake. Anayejua atamwambia: haya si majina ya ukoo, ni ya mfuatano wa watoto wa nyumba moja, na ndiyo maana hayafanani.

Kwa wa mwaka wa kwanza, angalieni upatanisho: masika yameanza, lakini Masika ameanza shule.