Msituachie Kiswahili Sisi Walimu Peke Yetu, Kipelekeni Jikoni



Leo nina neno ambalo huenda halitanipa marafiki wengi pale mlangoni Jumamosi asubuhi. Masaa mawili tunayokaa na watoto wenu darasani hayatoshi. Hayakutosha mwaka jana na hayatatosha mwaka huu, hata mkituletea mwalimu hodari kuliko sisi wote. Wiki ina masaa 168. Mkituachia sisi mawili, yale 166 yanayobaki yanakwenda kwenye Kiingereza, televisheni na simu. Lugha haishiki kwa mtindo huo.

Siwasemi ninyi tu. Naanza na mimi mwenyewe.

Kazi yangu ni uuguzi. Nikiwa na zamu ya usiku narudi nyumbani asubuhi miguu imevimba, na mtoto anatakiwa kuvaa, kula na kuwahi basi. Ukichoka, unasema lugha inayojibiwa upesi. Kwa hiyo kwa miaka mingi nyumbani kwangu tulikuwa tunasema Kiingereza, halafu Jumamosi nafika hapa na chaki yangu kufundisha watoto wa wenzangu Kiswahili. Siku moja mama yangu alipiga simu kutoka Tanga. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alishika simu vizuri, akasema, "Shikamoo Bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Umekula nini leo?" Mtoto akanyamaza. Alikuwa anajua rangi zote, anahesabu mpaka mia moja, anamjua twiga, kiboko na nyumbu. Lakini "umekula nini leo" hakuweza kuijibu. Akanirudishia simu akaenda chumbani kwake.

Mama hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mbona mwanao ananikimbia?"

Sikuwa na jibu. Na mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili.

Kazini kwangu nimewauguza wazee wengi waliohamia nchi hii wakiwa vijana, kutoka Italia, Ugiriki, Lebanoni na Vietnam. Ugonjwa wa kusahau ukimshika mzee wa namna hiyo, mara nyingi Kiingereza alichojifunza ukubwani ndicho kinachotangulia kuondoka, inabaki lugha ya utotoni. Nimewaona wajukuu wamekaa kando ya kitanda, wameushika mkono wa bibi yao. Wanampenda, naye anawapenda, lakini hawana neno hata moja la kupeana. Nikiwatazama najiona mimi miaka thelathini ijayo. Na wewe mzazi unayesoma hapa, jitazame.

Basi nilijaribu kwanza daftari. Kila jioni nusu saa ya sarufi mezani. Binti yangu alinivumilia siku nne, ya tano akaanza kuumwa tumbo. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikufundishwa Kiswahili mezani. Nilikipata jikoni, nikiwa nimetumwa: lete chumvi, punguza moto, koroga hiyo isishike chini. Mama alikuwa anaoka keki bila oveni. Anatia mchanga kwenye sufuria kubwa, anaweka ndani yake sufuria ndogo yenye keki, anafunika, kisha anapalia makaa juu ya mfuniko. Kazi yangu ilikuwa kupepea, na kutofunua kabla ya kuambiwa.

Nikasema na hapa Sydney tutaoka. Tukaanza na keki ya matufaha, ile ndefu ya umbo la mkate, kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu tufaha la kijani ni mtoto wa mji huu.

Hapo msikilize kidogo, wanafunzi. Tufaha lile mnalolikuta dukani limeandikwa Granny Smith, yaani Bibi Smith, na alikuwa bibi kweli. Jina lake Maria Ann Smith. Alikuwa mhamiaji kama sisi, alitoka Uingereza na mumewe na watoto, wakafika hapa mwaka 1838. Walikuwa wakulima wa matunda Eastwood, hapo tunapopita na treni. Mwaka 1868 mche uliojiotea shambani kwake ulikuwa tayari umezaa matufaha ya kijani, machachu na magumu, ambayo watu waliyaona mazuri sana kwa kupikia. Bibi huyo alifariki mwaka 1870, hata hajajua tunda lake litafika wapi. Leo linauzwa mpaka Dar es Salaam na Nairobi, na tangu mwaka 1985 Eastwood wana sikukuu yake kila mwaka. Kwa hiyo mnapolimenya tufaha hilo mmeshika kazi ya bibi mmoja aliyekuja kutoka mbali akaacha kitu.

Mahitaji ni haya. Matufaha ya kijani matatu, siagi gramu 125, sukari robo tatu ya kikombe, mayai mawili, unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vya chai, maziwa nusu kikombe, mdalasini kijiko kimoja cha chai, iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo sana. Ukinunua ule unga wa hapa uliokwisha kuchanganywa na beking pauda, usiongeze nyingine. Iliki msiiache. Bila iliki ni keki nzuri, lakini haitanukia kama nyumbani.

Washa oveni nyuzi 180, au 160 kama ina feni. Menya matufaha mawili, toa mbegu, yakatekate vipande vidogo kama kete za bao. La tatu likate vipande vyembamba vya kupanga juu. Piga siagi na sukari mpaka vilainike na kuwa vyeupe. Vunja yai la kwanza, piga, kisha la pili. Chekecha unga pamoja na beking pauda, viungo na chumvi, utie kidogo kidogo ukipokezana na maziwa. Koroga taratibu, usipige sana, keki itakuwa ngumu. Changanya matufaha. Paka chombo siagi, mimina, panga vile vipande juu, nyunyiza sukari kidogo. Oka dakika 50 mpaka 60. Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, keki imeiva. Epua, iache ipoe dakika kumi, ndipo uitoe.

Na kwa kuwa mimi ni muuguzi, mnivumilie: watoto wasirambe mwiko. Mayai mabichi na hata unga mbichi vinaweza kuleta ugonjwa wa tumbo. Na oveni anafungua mtu mzima.

Sasa soma tena yale maelezo ya kupika, uhesabu kazi zilizomo. Menya, toa, kata, katakata, piga, vunja, chekecha, tia, koroga, paka, mimina, panga, nyunyiza, oka, chomeka, epua. Maneno kumi na sita, na kila moja mtoto amelifanya kwa mkono wake. Darasani ningehitaji muhula mzima. Na akishazoea kumenya tufaha, utamwambia siku nyingine kwamba nazi tunaifua, samaki tunampaa, kuku tunamnyonyoa, maharage tunayachambua. Hatasahau, kwa sababu mkono unakumbuka.

Hata ngeli, zile zinazowatesa watoto wetu ubaoni, jikoni zinakuja zenyewe. Tufaha limeanguka, matufaha yameanguka. Kijiko kimepotea, vijiko vimepotea. Unga umemwagika. Keki imeungua. Binti yangu alikuwa anasema "yai imevunjika" mwaka mzima darasani. Siku yai lilipomponyoka sakafuni alipiga kelele, "Mama, limevunjika!" Nilifurahi mpaka nikasahau kumgombeza.

Najua mtakayoniambia, maana mmeshaniambia pale kwenye maegesho ya magari.

Kuna anayeogopa kwamba Kiingereza cha mtoto kitaharibika. Ndugu yangu, mtoto anayekulia Sydney atapata Kiingereza hata ukimfungia ndani. Kipo shuleni, kwenye basi, uwanjani, kwenye kila kioo anachokitazama. Hakuna atakayempa Kiswahili isipokuwa wewe.

Mwingine anasema keki ya matufaha si chakula chetu, tuwafundishe chapati na mandazi. Wafundishe, na mimi nitakuja kula. Lakini chapati tuliipata kutoka India, muhogo ulivuka bahari kutoka Marekani ya Kusini, sukari ni neno la Kiarabu, na meza unayokandia unga tumeipata kwa Wareno. Kule Lushoto, milimani mkoani kwetu, matufaha yanalimwa. Kiswahili hakijawahi kuuliza chakula kimetoka wapi kabla ya kukipa jina. Mimi nasema mpikie mtoto anachokipenda, kwa lugha unayotaka aipende.

Wapo pia wenye haya. Mama wa Goma anadhani Kiswahili chake si kile cha kitabuni, baba wa Nairobi anaona chake kimechanganyika mno, mwingine mwenzake wa ndoa hajui hata neno. Sikilizeni. Tunda lenyewe hili wengine wanaliita tufaha, wengine tofaa, wengine tufaa, na sokoni wengi wanasema epo. Visiwani ukisema tufaha mtu anaweza kufikiria lile tunda jingine jekundu, lenye umbo la kengele. Kila mmoja aseme kama wanavyosema kwao. Bibi wa mtoto ndiye kamusi yenu ya kwanza, mwalimu ni wa pili. Na yule mwenzako asiyejua mpe kazi ya kuchekecha. Atajifunza pamoja na mtoto.

Wa mwisho anasema hana muda. Huyo namwelewa kuliko wote. Sisi wengi ni watu wa zamu: hospitali, nyumba za wazee, maghala, teksi. Sisemi kila siku. Nasema mara moja kwa wiki mbili, saa moja na nusu, kwa sheria moja tu: tangu kunawa mikono mpaka keki inatoka, Kiswahili peke yake. Ukikosa neno, onyesha kwa kidole na uulize, "Hii inaitwaje?" Mzazi naye anaruhusiwa kutojua.

Sisi tunachagua Jumamosi jioni, na ipo sababu. Majira haya ya baridi Sydney iko mbele ya Afrika Mashariki kwa masaa saba. Kwetu ikiwa saa kumi na moja jioni na giza linaanza kuingia, Tanga ni saa nne asubuhi, nao wako kwenye kipupwe chao. Mama yangu ameshakunywa chai, amekaa barazani. Tunaisimamisha simu kwenye mtungi wa sukari, anatutazama. Haelewi oveni yetu, lakini keki anaielewa. Anamwambia mjukuu, "Koroga upande mmoja, usigeuzegeuze." Mjukuu anamuuliza, "Kwa nini, Bibi?" Bibi anasema hata yeye mama yake hakumwambia kwa nini.

Sasa hivi binti yangu ana miaka kumi na mbili. Kiswahili chake kina makosa mengi. Bado anasema "mimi nataka kwenda kulala sasa" kama anasoma tangazo. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya jioni, nikarudi usiku nikakuta kipande cha keki kimefunikwa kwa sahani. Alikuwa ameoka na baba yake, baada ya kumpigia Bibi simu mwenyewe kumuuliza kiasi cha iliki, na karatasi ilipokuwa imebandikwa pale kwenye friji! Nilikaa pale jikoni na viatu vya kazi nikala. Iliki ilizidi. Nilikimaliza chote.

Basi ombi langu ni hili. Kabla muhula haujaisha kila nyumba ioke mara moja, keki hii au chochote mnachokipenda. Mtoto aje darasani na kipande kimoja na sentensi tatu za Kiswahili za kutueleza alifanya nini kwa mkono wake. Msitie karanga wala korosho, tunao watoto ambao miili yao haizipatani. Keki ikiungua ileteni hivyo hivyo, maana "kuungua" nalo ni neno, nasi tutakula na chai.

Na wewe mwanafunzi, jioni ya leo mpigie bibi yako au babu yako, ama shangazi kama hao hawapo tena. Usimwambie rangi wala usimhesabie mpaka mia. Mwambie umekula nini leo. Kisha muulize yeye.