Visiwa vya Wenzetu na Lamu Yetu

Vijana wa Makina, pale Kibera, siku hizi huniuliza habari za Hydra, kisiwa kidogo cha Ugiriki ambako magari hayaruhusiwi na mizigo hubebwa na punda. Wanataka kwenda kupumzika. Sina ugomvi na Wagiriki, lakini hayo si ndiyo ya Lamu? Mji mkongwe ule UNESCO iliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vya miguu na punda. Visa haitakiwi: ni basi mpaka Mokowe, kisha mashua.

Nalisema hili kwa uchungu. Nyumba kadhaa za Lamu na Shela zimekwisha nunuliwa na watu wa Ulaya, huko huko tunakokutamani sisi.

Ila anayetaka utulivu asiende siku za Maulidi, Mfungo Sita. Hapo Riyadha hujaa wageni kwa matwari na kasida, wala kitanda hapati kwa wepesi. Kusi nayo huchafua bahari, angoje itulie. Na saa ya mkononi aiache nyumbani, adhana itamtosha.